Uzito wa gari katika mbio za dragi: namna ya kujua kilo zipi zinakuchelewesha

Katika mbio za dragi magari mawili huanza yakiwa yamesimama, hukimbia kwenye njia iliyonyooka, na kwa kawaida humaliza baada ya robo maili, yaani mita 402, au nusu ya umbali huo, mita 201. Hakuna kona na hakuna mzunguko wa pili wa kurekebisha kosa la kwanza, na ndiyo maana kila kilo iliyomo garini hujitokeza kwenye karatasi ya muda anayopewa dereva baada ya kukimbia. Hata hivyo, wengi wanaoanza kupunguza uzito hung'oa viti na mazulia kabla ya kujua gari lao lina kilo ngapi, kilo hizo zimekaa wapi, na kila moja inawagharimu nini. Mwongozo huu unafuata njia ya kinyume: kwanza hesabu, kisha mizani, na spana mwishoni.

Hesabu yenyewe si ngumu. Injini inayotoa nguvu ileile muda wote hulipatia gari kasi kwa namna ambayo muda wa kufika mwisho hufuata kipeuo cha tatu cha uzito uliogawanywa kwa nguvu. Kanuni ya makadirio inayotumiwa sana na mafundi wa mbio hizi, ikigeuzwa kwenda kwenye kilo, husema hivi: chukua uzito wa gari pamoja na dereva na mafuta, ugawe kwa nguvu za farasi za injini, tafuta kipeuo cha tatu cha jibu, kisha uzidishe kwa 7.58. Utapata sekunde za mita 402. Gari la kilo 1,500 lenye nguvu za farasi 300 lina kilo 5 kwa kila farasi. Kipeuo cha tatu cha 5 ni 1.71, na muda unaotarajiwa ni karibu sekunde 12.96. Ukiondoa kilo 100 bila kugusa kitu kingine, muda unashuka hadi 12.67.

Tofauti hiyo ya sehemu tatu za kumi ya sekunde inaweza kuonekana ndogo kwa kazi ya kuondoa kilo 100, na hapo ndipo kipeuo cha tatu kinapoonyesha tabia yake. Ukipunguza uzito kwa asilimia 3, muda hupungua kwa asilimia 1 tu, wala hakuna njia ya kuikwepa hesabu hiyo. Lakini angalia upande wa pili: kwa gari hilohilo, kupata muda uleule kwa kuongeza nguvu kungehitaji takriban farasi 21 zaidi. Gawanya kilo unazoweza kuondoa kwa idadi ya kilo ambazo kila farasi wako anabeba, na utajua kwa makadirio umeongeza farasi wangapi bila kufungua injini. Kwa mwenye kilo 5 kwa farasi, kilo 50 ni sawa na farasi 10. Mimi huona hesabu hii ndiyo inayopaswa kufanywa kabla ya kununua kifaa chochote cha injini, kwa sababu mara nyingi inaonyesha kwamba farasi wa bei nafuu kuliko wote wamelala kwenye buti.

Wapo wanaopenda kusema kwamba kila kilo 45 ni sehemu moja ya kumi ya sekunde. Usemi huo unafaa kwa gari la kilo 1,500 linalomaliza kwa sekunde 10, lakini kwa magari mengine unapotosha. Gari dogo la kilo 750 lenye farasi 300, ambalo kwa kanuni yetu hufika kwa sekunde 10.29, likipunguzwa kilo 100 litashuka hadi 9.81, yaani karibu nusu sekunde. Gari la kilo 1,500 lenye farasi 150 litatoka 16.33 hadi 15.96. Kilo 100 ni zilezile, lakini faida haifanani, kwa kuwa kinachohesabiwa ni sehemu gani ya uzito wote umeiondoa na muda wako wa mwanzo ulikuwa mrefu kiasi gani. Fanya hesabu ya gari lako mwenyewe.

Kupima kabla ya kung'oa

Uzito ulioandikwa kwenye kitabu cha gari haukusaidii sana, kwa sababu haumhesabu dereva wako, magurudumu uliyobadilisha, wala spika uliyofunga miaka mitatu iliyopita. Nenda kwenye mizani ya magari ukiwa umevaa kofia ya chuma na mavazi yako ya mbio, mafuta yakiwa kwenye kiwango unachokimbilia. Panda mizani kwa magurudumu ya mbele tu na uandike namba. Endelea mbele hadi gari zima liwe juu yake na uandike. Kisha teremsha magurudumu ya mbele, yale ya nyuma yakibaki juu, na uandike tena. Namba ya kwanza na ya tatu zikijumlishwa zinapaswa kukaribiana na ya pili. Zikitofautiana sana, mizani haiko sawa na ardhi inayoizunguka, na itakubidi urudie mahali pengine. Mizani minne midogo, mmoja chini ya kila gurudumu, ni bora zaidi kwa anayeweza kuipata, kwa kuwa huonyesha pia tofauti ya kushoto na kulia.

Unatafuta namba mbili: uzito wote, na asilimia inayobebwa na magurudumu yanayosukuma gari. Hiyo ya pili ndiyo inayosahaulika, ingawa kwenye mita 18 za kwanza, ambako muda wa kuondoka hupimwa, ndiyo yenye usemi mkubwa zaidi.

Mstari wa kuanzia unafuata sheria nyingine

Kanuni ya kipeuo cha tatu inachukulia kwamba nguvu yote ya injini inafika ardhini. Gari linapoondoka, mara nyingi haifiki. Injini inaweza kusukuma kuliko tairi linavyoweza kushika, na kuanzia hapo mchapuko, yaani jinsi kasi inavyoongezeka, unaamuliwa na mambo mawili: mshiko wa tairi kwenye lami, na uzito unaolikandamiza tairi hilo. Hapa kupunguza uzito ovyo kunaweza kukudhuru.

Chukua gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, lenye mita 2.6 kati ya ekseli na kitovu cha uzito kilicho nusu mita juu ya ardhi, likiwa na matairi yanayoshika kwa nguvu iliyo sawa na uzito unaoyakandamiza. Likiwa na asilimia 48 ya uzito nyuma, mchapuko wa juu kabisa linaoweza kuupata bila matairi kuteleza ni karibu 0.59 ya mvutano wa dunia. Asilimia hiyo ikipanda hadi 52, mchapuko unafika 0.64. Katika mita 18 za kwanza tofauti hiyo ni kama sehemu moja ya kumi ya sekunde, na sehemu ya kumi inayopatikana mwanzoni hukua kidogo hadi mwisho wa njia, kwa kuwa gari linafika kila mahali likiwa limetangulia na likiwa na kasi zaidi. Kwa maneno mengine, kuuhamisha uzito bila kuondoa hata kilo moja kunaweza kukupa faida inayokaribia ile ya kuondoa kilo 40.

Kwa gari la namna hiyo, basi, kilo za kwanza kuondolewa ni zile zilizo mbele: boneti ya chuma, kompresa ya kiyoyozi kama sheria za daraja lako, yaani kundi unaloshindana, zinaruhusu, vifaa vizito vya bampa, na betri. Betri ya kilo 18 ikitolewa karibu na taa na kuwekwa kwenye buti, mita 3 nyuma, huongeza takriban kilo 21 juu ya matairi ya nyuma na kuondoa kiasi kilekile mbele, kwa sababu hufanya kazi kama wenzo. Lakini usiihamishe kwa mkato. Betri inapaswa kufungwa kwa boliti, itengwe na chumba cha dereva kwa ukuta au kwa sanduku linalopumulia nje, na kanuni za NHRA, chama kikuu cha mbio hizi Marekani kilichoanzishwa mwaka 1951, zinataka gari lenye betri iliyohamishwa liwe na swichi kuu nje, upande wa nyuma, inayozima injini pamoja na umeme wote. Anayekuja kukuokoa lazima aweze kuifikia bila kufungua mlango.

Gari linalovutwa na magurudumu ya mbele linataka mambo kinyume. Linapoondoka, uzito hurudi nyuma, mbali na matairi yanayofanya kazi, na hakuna springi inayoweza kuuzuia kabisa. Likiwa na asilimia 60 mbele wakati limesimama, na vipimo vilevile vya juu, haliwezi kupita 0.50 ya mvutano wa dunia. Mwenye gari hili asihamishe betri, wala asihangaike kutafuta boneti nyepesi kwanza. Aondoe kiti cha nyuma, tairi la akiba, jeki na kila kilicho ndani ya buti, kwa kuwa kila kilo inayotoka nyuma humpa faida mara mbili: gari linakuwa jepesi na asilimia ya mbele inapanda. Magari yanayosukumwa na magurudumu yote manne hayana usumbufu mkubwa wa upande huu. Tesla Model S Plaid, gari la umeme lenye uzito unaozidi kilo 2,100 na nguvu za farasi 1,020, lilitangazwa na watengenezaji wake kumaliza mita 402 kwa sekunde 9.23, muda ulio mfupi kuliko ambao kanuni yetu ingeukadiria, kwa sababu matairi yote manne yanashika, mota hazisubiri mizunguko ipande, na hakuna muda unaopotea kwenye kubadilisha gia.

Kuna hoja inayosikika mara kwa mara kwamba gari zito hushika barabara vizuri zaidi na kwa hiyo huondoka vizuri zaidi. Sehemu ya kwanza ina ukweli na ya pili haina. Uzito ukiongezeka mshiko huongezeka, lakini mzigo wa kusukumwa nao huongezeka kwa kiasi kilekile, na tairi lenyewe, kadiri linavyokandamizwa, hushika kwa uwiano mdogo zaidi kidogo. Kuongeza uzito kwenye buti ni dawa ya gari ambalo asilimia yake ya nyuma ni mbaya sana, na hata hapo ni dawa ya muda. Fungu lolote la uzito lisilofungwa kwa boliti kwenye chasi haliruhusiwi kuingia njiani, kwani gari likigonga ukuta, uzito huo hugeuka kuwa jiwe lililorushwa.

Kilo zinazozunguka

Gurudumu linafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: linasonga mbele pamoja na gari, na linazunguka. Injini inapaswa kulipa yote mawili. Kilo iliyo kwenye uso wa tairi, mbali na kitovu chake, hugharimu karibu sawa na kilo 2 zilizotulia ndani ya gari. Kilo iliyo karibu na habu hugharimu zaidi kidogo tu ya kilo 1. Kwa hiyo tairi jepesi lina faida kuliko rimu nyepesi ya uzito uleule uliopunguzwa, na rimu ndogo kwa kipenyo ni bora kuliko kubwa, mradi breki ziingie. Ukipunguza kilo 3 kwa kila gurudumu umeondoa 12 kwenye mizani, lakini gari litajisikia kana kwamba umeondoa kati ya 18 na 24. Hakikisha tu kwamba rimu hizo zimetengenezwa kubeba uzito wa gari lako.

Ndani ya injini jambo hili hugeuka la ajabu kweli, na naomba msomaji afuate hesabu pole pole. Flaiwili, yaani gurudumu zito lililofungwa mwisho wa krenki ya injini, na klachi zinazunguka kwa kasi ya injini, si kwa kasi ya gurudumu, na katika gia ya kwanza injini inaweza kuzunguka mara 14 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Mzigo unaohisiwa na gari hukua kwa kipeo cha pili cha namba hiyo, yaani mara 196. Flaiwili, klachi na krenki zikiwa na inesha (ukaidi wa kitu kubadilishiwa mzunguko) ya 0.1 kwa vipimo vya kilo na mita, na tairi likiwa na nusu kipenyo cha mita 0.31, gari katika gia ya kwanza linajisikia limebeba takriban kilo 200 zaidi. Katika gia ya juu, injini inapozunguka mara 4 tu kwa kila mzunguko wa gurudumu, mzigo huohuo unashuka hadi kilo 17. Ndiyo maana flaiwili nyepesi huonekana kama muujiza katika gia mbili za kwanza na kisha haionekani tena.

Usikimbilie kuinunua, hata hivyo. Flaiwili nzito ni ghala. Kabla ya taa kuwaka kijani, dereva ameshazungusha injini na kuweka nguvu humo, na anapoachia klachi nguvu hiyo husukuma gari kutoka mahali liliposimama. Flaiwili nyepesi hutoa kidogo, injini huanguka mizunguko, na gari huondoka kwa uvivu. Kwa gari lenye injini ndogo, gia za kawaida na matairi yanayoshika sana, flaiwili nzito inaweza kumaliza njia mapema zaidi. Kwa lenye nguvu nyingi na matairi ya barabarani, ambalo tatizo lake ni kuteleza, nyepesi kwa kawaida hufaa. Hapa sipendekezi kitu bila kupima.

Utaratibu wa kupunguza

Anza na visivyo na gharama. Ondoa kila kisichofungwa, tairi la akiba, jeki, na zana. Kisha angalia mafuta: lita moja ya petroli ina takriban kilo 0.74, hivyo kushuka kutoka lita 60 hadi 15 huondoa kilo 33. Lakini usishuke chini sana, kwa sababu gari likichomoka mafuta hukimbilia ukuta wa nyuma wa tangi, pampu hunyonya hewa, na injini yenye nguvu inayokosa petroli kwa sekunde moja inaweza kutoboa pistoni. Baada ya hapo vinakuja viti vya abiria. Dodge walipotengeneza Challenger SRT Demon ya mwaka 2018, gari la farasi 840 lililothibitishwa na NHRA kwa sekunde 9.65, liliuzwa bila kiti cha abiria cha mbele wala cha nyuma, na aliyevitaka aliviagiza kando. Ikiwa viti vyako vina mifuko ya hewa, katisha umeme wa betri na usubiri kama kitabu cha gari kinavyoelekeza kabla ya kuchomoa waya wowote, kwani mfuko huo hufunguliwa kwa mlipuko.

Kuna vitu ambavyo havipaswi kuguswa: breki, mikanda ya dereva, nguzo za milango, na fremu ya kinga ya ndani. Fremu hiyo inaongeza kilo kadhaa, na ziongezeke. Kama gari bado linatembea barabarani kila siku, orodha ya visivyoguswa ni ndefu zaidi, kwa sababu anayekaa ndani yake siku za kawaida huenda si dereva wa mbio.

Baada ya kila hatua kubwa, rekebisha gari upya. Springi zilizochaguliwa kwa uzito wa zamani sasa ni ngumu kupita kiasi, gari limeinuka, na upepo wa matairi unaweza kuhitaji kushushwa kidogo. Wengi huondoa kilo 80, hurudi njiani bila kugusa kitu kingine, hukuta muda haujabadilika, na huamua kwamba uzito hauna maana.

Ili usiangukie hapo, pima kwa mzunguko: kimbia mara mbili au tatu gari likiwa kama lilivyokuwa, badilisha jambo moja tu, kimbia tena idadi ileile, kisha rudisha hali ya mwanzo na ukimbie kwa mara nyingine. Yote yafanyike siku moja, kwani hewa yenye joto au unyevu mwingi huipunguzia injini nguvu kiasi cha kuficha kilo zote ulizoondoa. Usichanganye muda wa mwitikio, yaani tangu taa ya kijani hadi unapoondoka, na muda wa gari. Saa ya gari huanza pale matairi ya mbele yanapouacha mwali wa taa wa mstari wa kuanzia, hata kama ulichelewa kuondoka.

Kwenye karatasi soma namba tatu: muda wa mita 18, muda wa mwisho, na kasi ya mwisho, ambayo hupimwa katika mita 20 za mwisho. Kasi ya mwisho husema ukweli kuhusu uwiano wa nguvu na uzito, karibu bila kujali uliondokaje. Gari letu la kilo 1,500, lenye kasi ya mwisho ya kilomita 169 kwa saa, likiondolewa kilo 100 linapaswa kufika karibu 173. Kasi ikipanda hivyo lakini muda ukabaki palepale, uzito umeondoka kweli, ila mshiko wa kuondokea umepungua. Muda wa mita 18 utakuthibitishia, na dawa iko kwenye matairi, springi, au mahali ulipoondoa kilo. Kasi isipopanda, rudi kwenye mizani kwanza, kisha ukague injini.

Jambo la mwisho linamhusu anayeshindana katika daraja lililowekewa kiwango cha chini cha uzito. Katika Pro Stock ya NHRA, kwa mfano, kiwango ni pauni 2,350, yaani kilo 1,066, dereva akiwemo. Huko kupunguza chini ya kiwango hakuna faida kwa namba ya mizani, lakini kuna faida kwa mpangilio: punguza kila unachoweza juu na upande usiosukuma, kisha rudisha kilo zinazodaiwa kwa vipande vya chuma vilivyofungwa chini kabisa, karibu na ekseli inayofanya kazi. Acha kilo chache za akiba juu ya kiwango. Gari linaweza kupimwa baada ya mbio, likiwa limeshachoma sehemu ya mafuta, na upungufu hata wa nusu kilo hapo hufuta muda wote ulioandikwa.